Turbo Imekufa Mapema: Namna ya Kuchunguza Injini ya Subaru Iliyotumika Kabla ya Kununua Spea

Forester yangu ilikuwa na kilomita 104,000 kwenye dashibodi siku turbo yake, kifaa kinachoshindilia hewa kwenye injini, ilipoanza kulia kama filimbi ya mlinzi wa usiku, na siku ya tatu ikatoa moshi wa buluu uliowafukuza abiria kwenye kituo kizima cha daladala. Gereji niliyoipeleka ilifanya kile ambacho gereji nyingi hufanya: iliitoa turbo mbovu, ikafunga nyingine ya mtumba, na jioni ileile nikakabidhiwa ufunguo. Turbo hiyo ya pili haikufikisha kilomita 900. Fundi niliyemwendea baadaye, mzee asiyependa maneno mengi, hakuigusa turbo kwanza. Alifungua boliti moja ya bomba la oili upande wa nyuma wa injini, akaielekeza kwenye mwanga, akanionyesha wavu mdogo uliokuwa ndani yake, mfupi kuliko kucha ya kidole cha mwisho, ukiwa umeziba kwa utando mweusi mgumu wa oili iliyoungua. "Hizi turbo hazikuchakaa, mwanangu," alisema. "Zimekufa kwa kiu."

Maelezo yanayofuata yanahusu injini za Subaru za familia ya EJ20 zenye turbo, hasa EJ205 ya sentimita za ujazo 1,994 inayopatikana katika Forester na Impreza nyingi zilizoingia Tanzania na Kenya kutoka Japani, kwa sababu ndizo ninazozifahamu kwa kuzigharamia mwenyewe. Mwenye gari la turbo la kampuni nyingine atabadilisha namba na mahali pa boliti, lakini mpangilio wa uchunguzi unabaki uleule. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba kipuri kinachokufa kabla ya wakati katika injini ya turbo huwa kimeuawa na kitu kingine kilichokitangulia, na mara nyingi kitu hicho ni oili: kiasi chake, usafi wake au shinikizo lake. Anayebadilisha kipuri bila kumtafuta muuaji anampelekea muuaji huyo windo jingine.

Sababu ya oili kuwa na uzito huo ni namna turbo yenyewe inavyofanya kazi. Ndani yake kuna mhimili mwembamba unaoweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, upande mmoja ukisukumwa na moshi wa ekzosti ambao injini ikifanya kazi nzito unaweza kukaribia nyuzijoto 900 za Selsiasi, na upande wa pili ukisukuma hewa safi kuelekea kwenye silinda. Mhimili huo hauegemei gololi. Unaelea juu ya utando wa oili ulio mwembamba kuliko unywele, na oili hiyo ndiyo inayoupoza na kuutenganisha na chuma kinachouzunguka. Oili ikikatika kwa sekunde chache tu wakati mhimili uko kasi, chuma hugusana na chuma. Tena oili hiyohiyo ndiyo inayorudi kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, na kupelekwa kwenye beringi za krankishafti (mhimili mkuu wa injini) na za konrodi (mikono inayouunganisha mhimili huo na pistoni), kwa hiyo takataka za turbo iliyokufa haziishii kwenye turbo.

Anza na historia ya gari

Kabla ya kushika spana, fungua mlango wa dereva na boneti, utafute vibandiko. Gereji za Japani huwa na desturi ya kubandika karatasi ndogo kwenye fremu ya mlango au ndani ya sehemu ya injini kila zinapobadilisha oili au mkanda wa taimingi (unaopatanisha mwendo wa valvu na wa pistoni), zikiandika tarehe na kilomita. Maandishi ni ya Kijapani lakini namba zinasomeka. Mwaka ukiandikwa kwa enzi ya Heisei, ongeza 1988 ili kupata mwaka wetu, kwa hiyo 25 ni 2013. Ukiwa wa enzi ya Reiwa, iliyoanza 2019, ongeza 2018. Kibandiko cha mkanda kinachosema kilomita 112,000 katika gari ambalo dashibodi yake inasoma 87,000 kimekwisha kukueleza kwamba odomita imechezewa, na kwamba uchakavu unaouona huenda haukuja mapema hata kidogo; gari limezeeka kwa haki yake. Mimi nilikipata kibandiko cha aina hiyo miezi mitano baada ya kununua, nikiwa natafuta sarafu iliyoanguka pembeni ya kiti.

Angalia vilevile kama kuna mtu aliyewahi kuiongezea injini nguvu. Geji ya ziada ya turbo iliyong'olewa na kuacha tundu kwenye dashibodi, bomba pana la ekzosti, kichujio cha hewa cha wazi kilichochukua nafasi ya boksi la awali, au vipande vya mipira midogo ya hewa vilivyofungwa kwa njia isiyo ya kiwandani, vyote ni dalili kwamba shinikizo la turbo huenda limepandishwa kupita lile ambalo pistoni zilitengenezwa kulihimili. Rudisha kila kitu kwenye hali ya kiwandani kabla ya kuendelea, la sivyo utakuwa unapima injini ambayo bado inapigwa.

Pima oili inavyopungua

Wenye magari wengi husema "gari langu linakula oili kidogo," na kidogo hicho hakina kipimo. Egesha gari mahali palipo sawa usiku, kisha asubuhi kabla ya kuwasha chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe na ukisome tena. Kijiti cha Subaru kinasumbua kwa sababu oili hubaki kwenye kuta za bomba lake na kuacha alama mbili tofauti kwenye pande zake mbili. Uamini upande unaosoma chini. Jaza mpaka alama ya juu, andika kilomita kwenye daftari, endesha kilomita 1,000 kwa kawaida yako, halafu ongeza oili kwa chupa yenye vipimo mpaka ifike alama ileile. Kiasi ulichoongeza ndicho jibu. Injini hii hubeba takribani lita 4 hadi 4.5 tu, na kati ya alama ya chini na ya juu kuna karibu lita 1, kwa hiyo gari linalopoteza lita 1 kila kilomita 1,000 linaweza kufika alama ya chini kabla mwenyewe hajafikiria kufungua boneti. Kwenye kona kali au mlima mrefu oili kidogo iliyobaki hukimbilia upande mmoja, na pampu hufyonza hewa.

Rangi ya moshi na wakati unapotoka vinasaidia kujua oili inapotelea wapi. Moshi wa buluu unaotoka unapokanyaga mafuta kwa muda mrefu huelekeza kwenye ringi za pistoni, zile pete zinazoziba nafasi kati ya pistoni na silinda. Ukitoka pale unaporuhusu gari lishuke mlima likiwa kwenye gia huku mguu haupo kwenye mafuta, halafu ukaongezeka unapokanyaga tena, shuku sili za valvu. Ukitoka baada ya gari kusimama kwenye foleni dakika kadhaa na kisha kuondoka, shuku turbo. Moshi mdogo wa sekunde chache asubuhi usikutishe sana, kwa kuwa silinda za injini hii zimelala ubavu na oili kidogo huweza kubaki ndani yake usiku kucha.

Hata hivyo usiihukumu turbo haraka. Turbo nzima kabisa inaweza kumwaga oili ikiwa bomba la kurudishia oili kwenye injini limeziba, au ikiwa hewa iliyobanwa ndani ya injini haina pa kutokea. Valvu ndogo ya kupumulia injini, ambayo wengi huiita PCV, ikigandamana kwa uchafu, shinikizo hujaa ndani ya injini na kuizuia oili isiteremke kutoka kwenye turbo, nayo hutafuta njia kupitia sili. Ichomoe na uitikise sikioni: iliyo nzima inagonga tiki-tiki, iliyokwama iko kimya. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na turbo, na nimewaona watu wawili ambao "turbo mbovu" yao ilipona kwa kipuri hicho pamoja na mpira mmoja uliopasuka.

Ipasue filta ya oili

Hiki ndicho kipimo ninachokithamini kuliko vyote, na ndicho ambacho mafundi wengi hawakifanyi kwa sababu kinachafua mikono na hakilipiwi. Mwaga oili injini ikiwa na joto la wastani, ukiipokea kwenye beseni safi la plastiki lenye rangi nyepesi. Toa filta, iache ijichuje kwa saa moja, kisha ikate mkebe wake kwa kifaa cha kukatia mabomba kinachozungushwa kwa mkono. Usitumie msumeno wa chuma, maana utajaza unga wa chuma ndani ya ushahidi wako mwenyewe. Kata karatasi ya filta kwa kisu, ikunjue yote kama unavyokunjua mkeka, ikamue kwa koleo kati ya matambara mawili, halafu ipeleke juani.

Karatasi ya injini yenye afya ni nyeusi au ya kahawia, ina utelezi wa masizi, na pengine chembe moja mbili tu. Ukiona vimulimuli vinavyong'aa kama mica kwenye mchanga wa mto, pitisha sumaku chini ya karatasi. Chembe zinazoifuata sumaku ni chuma: ringi, ukuta wa silinda, kamshafti (mhimili unaofungua valvu) au mhimili wa turbo. Zisizoifuata na zina weupe wa fedha ni alumini, zinazoweza kutoka kwenye pistoni au kwenye aina fulani za beringi. Zenye wekundu wa shaba ndizo za kuogopwa zaidi, kwa sababu beringi nyingi za konrodi zina tabaka la aloi ya shaba chini ya uso wake laini, na shaba ikionekana ina maana uso huo umekwisha. Beringi za turbo nazo zina shaba, kwa hiyo rangi peke yake haitoshi kukupa jina la mwenye kosa. Itakachokuambia kwa uhakika ni kwamba usiliendeshe tena gari hilo mpaka upime shinikizo la oili.

Chekecha pia oili iliyo kwenye beseni kwa kuimimina polepole kupitia kitambaa cheupe cha pamba. Vipande vyeusi vinavyovunjika kwa kucha kama makaa ni oili iliyoungua, na hivyo ndivyo vilivyoziba ule wavu wangu. Wavu huo hukaa ndani ya boliti yenye tundu inayofunga bomba la kupeleka oili kwenye turbo. Baadhi ya matoleo ya injini hizi yana wavu huo na mengine hayana, na matoleo yenye mfumo wa AVCS wa kubadilisha taimingi ya valvu huwa na nyavu zaidi kwenye mabomba ya mfumo huo. Fungua kila boliti ya namna hiyo, ioshe kwa petroli au dawa ya kusafishia kabureta, na ubadilishe pete za shaba zinazoizuia isivuje. Kuna wanaoung'oa wavu na kuutupa. Sikubaliani na wanaofanya hivyo kwa injini ambayo bado ina takataka, kwa kuwa wavu ulioziba ulikuwa unaizuia takataka hiyo isifike kwenye turbo. Lakini kwa injini iliyosafishwa vizuri na inayobadilishiwa oili kwa wakati, wavu unaokaguliwa kila mwaka hauna sababu ya kuziba.

Shinikizo la oili, turbo na silinda

Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi huwaka shinikizo likiwa limeshuka sana, wakati ambapo beringi zimekwisha kuumia. Mwambie fundi aitoe sensa ya oili na kufunga geji ya mkono mahali pake. Injini ikiwa imepata joto kamili, EJ inapaswa kutoa angalau kilopaskali 98, yaani takribani psi 14, kwenye mizunguko 600 kwa dakika, na takribani kilopaskali 294, yaani psi 43, kwenye mizunguko 5,000. Geji ikisoma vizuri asubuhi injini ikiwa baridi na kuporomoka baada ya nusu saa ya kuunguruma, beringi zimelegea, au pampu imechoka, au bomba la kufyonzea oili lililo ndani ya sampu limepasuka pale lilipochomelewa, kasoro ambayo inajulikana katika baadhi ya injini hizi. Sampu ishushwe kabla ya kukata tamaa.

Sasa ndipo uiangalie turbo. Subiri injini ipoe kabisa, toa mpira wa hewa unaoingia kwenye turbo, na ushike kwa vidole viwili nati iliyo katikati ya panga zake. Ikicheza kidogo upande hadi upande si ugonjwa, kwa sababu mhimili ulitengenezwa uelee kwenye oili na kwa wakati huo oili haina shinikizo. Ivute na kuisukuma kwenda ndani na nje: mchezo wowote unaousikia vidoleni kwa mwelekeo huo ni beringi ya kuzuia msukumo iliyokwisha. Zungusha panga huku ukizisukuma pembeni, na kama zinagusa ukuta, turbo imekwisha. Tazama na kingo zake. Kingo zilizolika na kuwa butu kama jembe la zamani zinaonyesha kwamba vumbi linaingia, na vumbi hilo halikuishia hapo, limekwenda kusaga silinda. Kwa sisi tunaopita barabara za changarawe, boksi la kichujio lililovunjika kishikizo au mpira wenye ufa ni adui wa ringi kuliko mwendo kasi.

Kipimo cha kompresheni, yaani shinikizo ambalo kila silinda inaweza kulibana, kifanywe injini ikiwa na joto, plagi zote zikiwa nje, betri ikiwa imejaa, fyuzi ya pampu ya mafuta ikiwa imetolewa na kanyagio la mafuta likiwa limekanyagwa hadi chini. EJ20 ya turbo iliyo salama kwa kawaida husoma kati ya psi 142 na 171, ila kwangu mimi usawa kati ya silinda nne una maana zaidi kuliko namba yenyewe. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 inahitaji maelezo. Mafundi hupenda kumimina oili kidogo kwenye silinda dhaifu na kupima tena ili kujua kama tatizo ni ringi. Kwa injini iliyolala ubavu mbinu hiyo hudanganya, kwa kuwa oili hutulia chini na kuiacha sehemu ya juu ya pistoni bila muhuri. Afadhali kipimo cha kuvuja: silinda hujazwa upepo wa kompresa pistoni ikiwa juu na valvu zimefungwa, halafu unasikiliza. Upepo ukitokea kwenye mfuniko wa kujazia oili, ni ringi au pistoni. Kwenye ekzosti, ni valvu ya kutolea moshi. Kwenye njia ya hewa, ni valvu ya kuingizia. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya silinda hedi. Silinda ya 4, iliyo nyuma upande wa kushoto wa gari, ndiyo inayojulikana zaidi katika injini hizi kwa kuvunjika kingo za pistoni zinazoshika ringi.

Sikio nalo ni chombo. Kugonga kunakosikika injini ikiwa baridi na kupotea ikipata joto mara nyingi ni pistoni inayogonga ukuta wake, na gari linaweza kuishi nako miaka. Kugonga kuzito, kama nyundo iliyofungwa kitambaa, kunakozidi injini ikipata joto na kujitokeza unapopandisha mizunguko hadi 2,000 au 3,000 na kuachia, ni beringi ya konrodi. Injini ikiunguruma, chomoa plagi ya umeme ya kila injekta, kinyunyizio cha mafuta cha silinda, moja baada ya nyingine. Sauti ikififia kwenye silinda fulani, umeipata. Zima gari na uite la kuvuta. Injini iliyokwisha kunoki, yaani kuanza kugonga hivyo, ikiendeshwa kurudishwa nyumbani kwa kilomita kumi inaweza kutoboa bloki, na hapo hutakuwa na kitu cha kutengeneza.

Petroli isisahaulike

Magari haya yaliundwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kiwango cha nchi hiyo haipaswi kuwa chini ya oktani 96 (kipimo cha petroli kustahimili kubanwa bila kuripuka yenyewe), wakati petroli ya kawaida ya kwao inaanzia 89. Kibandiko kilicho ndani ya mfuniko wa tangi kinasema hivyo kwa Kijapani. Oktani ikiwa ndogo, mchanganyiko wa hewa na petroli hujiripukia wenyewe na kuipiga pistoni, na mapigo hayo ndiyo yanayovunja zile kingo za ringi. Kompyuta ya gari hujitahidi kurudisha nyuma uwashaji inaposikia mapigo hayo, lakini haiwezi kuokoa kila kitu. Uliza kituoni oktani ya mafuta yanayouzwa, chagua ya juu kabisa inayopatikana, na usijaze pale ambapo bei ya chini haina maelezo. Mafuta ya taa yaliyochanganywa kwenye petroli huishusha oktani, na turbo huyatambua kabla ya pua yako. Ukilazimika kutumia petroli dhaifu safarini, endesha bila kuiamsha turbo mpaka upate nyingine.

Kutengeneza

Kama filta ni safi, shinikizo la oili ni zuri na silinda ziko sawa, tatizo ni turbo peke yake na kazi ni nafuu, mradi ifanywe kwa ukamilifu. Badilisha au safisha kabisa bomba la kupeleka oili na la kurudisha. Fungua intakula, yaani rejeta ya kupozea hewa inayokaa juu ya injini chini ya tundu la boneti, uoshe ndani yake mpaka kitambaa kitoke kikavu na kisicho na chembe, kwa kuwa vipande vya panga vilivyonasa humo vitaingia kwenye silinda siku yoyote. Shusha sampu, osha bomba la kufyonzea. Kabla ya kufunga bomba la oili, mimina oili safi kwenye tundu la turbo huku ukiizungusha kwa mkono. Mambo hayo yote hayakufanywa kwa turbo yangu ya pili.

Kama beringi zimekufa, kuna njia mbili, na mafundi watakuvuta kila mmoja kwenye ile anayoijua. Njia ya kwanza ni kuijenga upya injini uliyo nayo. Bloki ya EJ ni ya alumini yenye mikono ya chuma ndani ya silinda, na hugawanyika nusu mbili kama kitabu, kwa hiyo anayeikereza lazima awe ameifunga kwa nguvu ileile itakayofungwa nayo ikikamilika, la sivyo silinda zitakuwa na umbo la yai. Zipo pistoni za ukubwa wa ziada wa milimita 0.25 na 0.50. Krankishafti ipimwe kwa maikromita, na nafasi ya beringi ipimwe kwa uzi wa plastiki unaobonyezwa kati ya vyuma, fundi akikuandikia namba kwenye karatasi. Fundi anayesema "nimeisikia kwa mkono, iko sawa" ni wa kushukuruwa na kuagwa.

Njia ya pili ni injini ya mtumba kutoka Japani, inayoweza kupatikana kwa wauza spea wa Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi. Ni ya haraka, na watu wengi huishia nayo, lakini unanunua historia nyingine usiyoijua. Linganisha msimbo wa injini, na hakikisha kama yako ina AVCS, hiyo nayo inayo, maana kompyuta ya gari haitaelewana na isiyolingana. Kubaliana na muuzaji kwa maandishi kwamba sampu itashushwa na kompresheni kupimwa kabla ya malipo ya mwisho. Zungusha krankishafti kwa spana mizunguko miwili kamili. Ikikwama popote, iache dukani. Injini ikiwa bado iko nje, weka mkanda mpya wa taimingi pamoja na vikaza vyake, pampu ya maji na sili zote, kwani mkanda huo hubadilishwa kwenye kilomita 100,000 na ukikatika valvu na pistoni hugongana.

Siku ya kuwasha na miezi inayofuata

Usiwashe moja kwa moja. Fyuzi ya pampu ya mafuta ikiwa nje, zungusha injini kwa stata sekunde kumi kumi, ukipumzisha stata kati yake, mpaka taa ya oili izimike, kisha ongeza sekunde kumi nyingine ili oili ifike kwenye turbo. Ukishaiwasha, iache iungurume bila kuipandisha, ukiangalia uvujaji chini na geji ya joto. Kwa injini iliyojengwa upya, kilomita 1,000 za kwanza ziwe za mwendo unaobadilika badilika, bila kuivuta turbo na bila kukaa kwenye kasi moja saa nzima.

Oili iwe ya sintetiki ya 5W-30 au 5W-40 kutoka kwa muuzaji anayeweza kukuonyesha stakabadhi zake, maana makopo ya kughushi yapo na muhuri wake unafanana. Badilisha kila kilomita 5,000 au miezi sita, hata kama kopo limeandikwa 10,000. Foleni ya Barabara ya Mandela jijini Dar es Salaam kwa injini ni kazi ambayo odomita haiioni. Asubuhi ondoka taratibu baada ya nusu dakika, na usiikanyage mpaka dakika kumi zipite, kwa sababu oili huchelewa kupata joto kuliko maji ambayo geji yako inayapima. Ukimaliza kupanda mlima wa Kitonga kule Iringa na kutaka kusimama pale juu, tembea polepole kilomita moja ya mwisho au iache injini iungurume dakika moja mbili kabla ya kuzima, ili oili iliyo ndani ya turbo isikae tuli kwenye chuma cha moto na kugeuka makaa yaleyale.

Filta ya kwanza baada ya matengenezo itolewe kwenye kilomita 500 na ipasuliwe. Hiyo itakuwa na chembe, na si ajabu. Ya pili itolewe kwenye kilomita 2,000. Kausha karatasi zote mbili, andika kilomita pembeni kwa kalamu ya wino mzito, na uziweke pamoja ndani ya mfuko wa plastiki kwenye droo ya gari. Zangu bado zimo, ya kwanza ina vimulimuli saba na ya pili haina hata kimoja.